Maswali ya Wasomaji: Darubini Ndogo, Simu ya Mkononi na Anga la Mombasa

Toleo lililopita tulieleza namna ya kuchagua darubini ya kwanza bila kumwaga pesa. Barua zilizofuata karibu zote zinauliza kuhusu picha, na hapa tumechagua zile zinazogusa wengi. Kumbukeni tu kwamba vijitabu vinavyokuja na darubini hizi huandikiwa watu wa Ulaya na Marekani. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta, tena kando ya bahari, na mashauri mengi ya vitabu hivyo huku hayafai, au hufaa kinyume chake.

SWALI: Nina darubini ya 70/700 (lenzi ya mbele milimita 70, urefu wa fokasi milimita 700) niliyoipata kwa shilingi 14,000. Imekuja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya milimita 10, pamoja na kishikio cha simu cha plastiki. Nikichungulia kwa jicho naona mashimo ya mwezi vizuri kabisa. Nikifunga simu napata ama giza tupu ama duara jeupe lisilo na kitu ndani. Je, nimeuziwa kitu kibovu? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: La, darubini ni nzima. Jicho likiyaona mashimo, simu nayo itayaona. Hapo pana matatizo mawili, na kila moja lina sababu yake.

Giza linatokana na simu kukaa nje ya mstari. Mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho ni mwembamba sana. Lenzi ya 25 kwenye darubini yako inakuza mara 28 (700 gawanya kwa 25). Sasa gawanya upana wa lenzi ya mbele, milimita 70, kwa hizo 28, utapata milimita 2.5. Huo ndio upana wa mwanga wote unaokufikia. Kwa lenzi ya 10 unakuza mara 70 na mwanga unabaki upana wa milimita 1. Kamera ikikosea katikati kwa milimita mbili, umekosa kila kitu.

Kwa hiyo kishikio kifungwe mchana. Lenga mnara wa simu ulio mbali, kilomita moja au zaidi, jua likiwa mgongoni kwako. Tumia lenzi ya 25, weka fokasi kwa jicho (kama unavaa miwani ya kuonea mbali, usiivue), kisha funga simu na uisogeze kidogo kidogo mpaka duara la picha litulie katikati ya skrini bila kivuli upande mmoja. Simu yenye kamera tatu nyuma inachanganya, kwa hiyo ziba moja moja kwa kidole uijue kamera kuu ni ipi, na utumie hiyo. Kwa lenzi ya 25, kioo cha kamera kikae kama sentimita moja na nusu kutoka kwenye lenzi ya jicho. Kwa ile ya 10, karibu vigusane. Vua kava ya simu. Ukishapatia, chora mstari wa kalamu ya wino mzito kwenye kishikio kuzunguka pembe za simu ili usiku usianze upya.

Duara jeupe ni kazi ya simu yenyewe. Inaona giza kubwa limeuzunguka mwezi, inadhani picha nzima ni giza, inaongeza mwanga, mwezi unaungua. Bonyeza mwezi kwenye skrini na ushikilie mpaka simu ikuambie imefunga fokasi na mwanga, kisha teremsha alama ya jua mpaka uone rangi ya kijivu na vivuli. Kama simu ina modi ya Pro, mambo ni rahisi zaidi: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iwe 100, na kwa lenzi ya 25 anzia shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/1000 ya sekunde mwezi ukiwa mpevu, 1/250 ukiwa nusu. Lenzi ya 10 hupunguza mwanga karibu mara sita, kwa hiyo hapo anzia 1/200 na 1/60. Halafu panda au shuka. Picha iwe ya giza kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu giza hurekebishika baadaye, lakini palipoungua hapana cha kurudisha.

Tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 3, usibonyeze kwa kidole wakati ule ule. Piga picha 20, uchague moja. Na usisubiri mwezi mpevu! Jua likiupiga uso mzima kutoka mbele, vivuli hupotea na mashimo yote hulala. Usiku wa 6 hadi wa 10 baada ya kuandama ndio wenye picha. Lenga pale mwanga na giza vinapokutana. Picha ikitoka imegeuka kushoto na kulia, ni kwa sababu ya kioo kilicho ndani ya kiwiko cha darubini. Igeuze kwenye simu.

SWALI: Sisi tunapiga kutoka juu ya nyumba ya ghorofa, paa la saruji. Kila picha haina makali, ingawa fokasi tunaiweka kwa uangalifu. (Vijana wawili, Majengo)

JIBU: Kwanza tofautisheni ugonjwa. Kuzeni picha mtazame ukingo wa mwezi. Ukiwa na kingo mbili zimepangana upande mmoja, stendi ilitikisika. Kama ukingo unachemka na kubadilika kutoka picha moja hadi nyingine, hiyo ni hewa ya moto.

Dawa ya kutikisika: msirefushe miguu ya stendi. Ile miguu ya alumini ikivutwa yote hucheza kama mnazi wa kusi. Ifupisheni kabisa, kaeni kwenye kigoda au jamvi, na ning'inizeni jerikeni ya maji ya lita 5 katikati ya miguu, chini kabisa, isiguse sakafu. Wekeni vipande vya mpira wa ndara chini ya kila mguu. Gongeni bomba kidogo kwa kidole na mhesabu: picha ikitulia ndani ya sekunde mbili, stendi iko sawa. Tena, mtu mmoja tu awe karibu, kwa sababu paa la nyumba hubeba nyayo za kila anayetembea.

Hewa ya moto ni shida ya paa lenyewe. Saruji iliyochomwa na jua kutwa hutoa joto mpaka usiku, na mabati ya jirani na mashine za AC hufanya hivyo hivyo. Magharibi ndio wakati mbaya. Ngojeni saa tatu au saa nne usiku, mwage ndoo mbili za maji pale mnaposimamisha darubini saa moja kabla ya kuanza, na msilenge kitu kilicho juu tu ya paa la jirani. Uwanja wa majani au mchanga ni bora kuliko paa lolote.

SWALI: Boksi la darubini yangu ya 76/700 limeandikwa 525×. Nikiweka lenzi zote sioni ila ukungu. (Msomaji, Mtwapa)

JIBU: Hesabu yao ni 700 gawanya kwa lenzi ya milimita 4, ambayo ni 175, mara lenzi ya Barlow (ya nyongeza, inayozidisha ukuzaji) ya 3×. Jumla 525. Hesabu ni sahihi ila haina faida, kwa sababu darubini haizidi mara mbili ya upana wake kwa milimita: 76 inaishia 150 hivi, na hiyo ni siku ya hewa tulivu. Iweke kando ile Barlow ya plastiki. Lenzi ya 25 na ya 10 zinatosha.

SWALI: Mshtarii inaonekana vizuri kwa jicho, na miezi yake minne pembeni. Kwenye simu ni tone jeupe. Wenzetu mitandaoni wanatoa mikanda ya rangi kwa darubini ndogo kama yangu (70 mm). Wanafanyaje? (Mwalimu wa sekondari, Nyali)

JIBU: Mwalimu, hawapigi picha moja. Wanachukua video, kisha kompyuta inachagua fremu nzuri na kuzirundika zikawa picha moja. Hewa ikicheza, kati ya fremu mia moja huenda kumi zikawa tulivu. Hizo ndizo unazozitaka. Kurundika nako kunasafisha chengachenga: ukirundika fremu 225, chenga zinapungua mara 15, kwa kuwa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi.

Weka lenzi ya 10, yaani ukuzaji wa mara 70. Washa video ya 4K. Ukiacha 1080p sayari itakuwa na nusu tu ya upana wake kwa pikseli. Kwa 4K Mshtarii itatoka na upana wa pikseli 50 hivi, na hizo zinatosha. Zima HDR na zima kile kipengele cha kutuliza video, maana huisogezasogeza picha na kuharibu kazi. Sasa shika mwanga kama tulivyomweleza msomaji wa Kisauni, uteremshe mpaka mikanda miwili ya kahawia ianze kutokea. Miezi itapotea kwenye video hiyo. Usijali, chukua video nyingine yenye mwanga mwingi kwa ajili ya miezi peke yake, halafu uziunganishe.

Bila mota ya kuifuata anga, Mshtarii huvuka eneo lote la lenzi ya 10 kwa dakika tatu kasoro. Iweke ukingoni inapoingilia, ondoa mikono, hesabu sekunde tano stendi itulie, rekodi sekunde 60 mpaka 90 ikipita. Usiifuate kwa mkono wakati unarekodi. Usizidishe dakika mbili pia, kwani sayari hiyo hujizungusha kwa saa 9 na dakika 55, na ukirekodi muda mrefu maumbo yanaanza kuhama.

Kwenye kompyuta ya Windows unahitaji programu tatu za bure. PIPP huibadilisha video ya simu na kuiweka sayari katikati ya kila fremu. AutoStakkert hupanga fremu kwa ubora. Mwambie achukue asilimia 10 hadi 20, yaani fremu 180 hadi 360 kwa video ya sekunde 60 yenye fremu 30 kwa sekunde. RegiStax ndiyo huleta makali. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanavuta vitelezi mpaka mwisho, sayari inapata pete nyeupe ukingoni na chenga kama mchanga. Vuta kitelezi cha kwanza na cha pili taratibu, na pete ikianza tu kutokea, rudi nyuma.

Darubini ya milimita 70 itakupa mikanda miwili, miezi, na kivuli cha mwezi kikipita juu ya sayari kama una bahati. Kwa Zohali utapata pete iliyoachana na mwili wake, lakini ule mstari mweusi ndani ya pete usiutarajie. Mwezi wa Machi 2025 pete hizo zilitugeukia ubavu zikakaribia kutoweka; tangu hapo zinafunguka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo wanafunzi wako wa sasa wamepata zamu nzuri.

SWALI: Mwezi nusu ukiwa juu ya utosi darubini yangu haifiki, inagota kwenye mguu wa stendi. Na hata nikiifikisha, kuisogeza ni mateso. (Msomaji, Likoni)

JIBU: Hili halimo kwenye kijitabu kwa sababu aliyekiandika anauona mwezi ukipita upande mmoja wa anga. Huku kwetu mwezi na sayari zikifika kileleni huwa digrii 60 juu ya upeo au zaidi, na mara nyingine juu kabisa ya kichwa. Stendi ya kugeuka kushoto-kulia na juu-chini haiwezi hapo: kitu kinapopita utosini, inabidi uizungushe karibu nusu duara kwa dakika chache.

Usipambane nayo. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa. Mwezi nusu wa kwanza huwa juu kabisa wakati wa magharibi. Ukingoja saa mbili au tatu utakuwa umeteremka mpaka digrii 60 au 45 upande wa bara, na paa nalo litakuwa limepoa. Sayari iliyo mkabala na jua, ambayo huchomoza jua linapotua, ipige kati ya saa tatu na saa nne na nusu usiku, au uamke baada ya saa nane. Na tulipate hili pia kama neema: kitu kilicho juu kinapita kwenye hewa chache, kwa hiyo picha ya sayari kutoka Likoni inaweza kuishinda ya mtu mwenye darubini ghali huko London.

SWALI: Darubini ya mtoto inakaa chumbani kwenye AC. Tukiitoa tu, kioo kinajaa mvuke. Juzi nimeona vitu kama utando wa buibui ndani ya lenzi. (Mama wa watoto wawili, Tudor)

JIBU: Mama, ule utando ni kuvu, na mvuke ndio unaoulisha. Kioo kilichopoa kwenye AC kikikutana na hewa yetu yenye unyevu hutoa jasho papo hapo. Ukikipangusa kinatoa tena, huku ukisugua vumbi na chumvi kwenye kioo. Itoe darubini ikiwa na vifuniko vyake vyote, mbele na nyuma, iache nje dakika 40 ndipo ufungue. Ikibidi kungoja kidogo zaidi, ngojeni.

Umande wa usiku wa manane ni jambo jingine, huo huanguka kwenye lenzi ya mbele kwa sababu inatazama anga. Kata karatasi ngumu nyeusi au sponji nyembamba, uizungushe mdomoni mwa bomba ijitokeze kama sentimita 10 kwa lenzi ya milimita 70.

Kuhifadhi: ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika jeli, gramu 100 kwa jumla. Ile yenye rangi ikibadilika, ikaushe kwa joto la digrii 110 hivi kwa saa mbili, inarudi kazini. Mchele usiweke, unatoa unga. Lenzi yenyewe isipanguswe kikavu hata siku moja, hasa kwa wanaokaa karibu na ufuo. Puliza vumbi kwanza kwa pampu ya mpira, kisha pamba safi yenye maji yaliyochujwa kwa mvuke ili chumvi iyeyuke, na mwisho tone la spiriti ya isopropili, ukipangusa kutoka katikati kwenda nje kwa kila pamba mpya. Kuvu iliyoko katikati ya vioo viwili mwachie fundi wa kamera. Kama ni utando mdogo ukingoni, picha haitajua.

SWALI: Tungependa kuupiga picha mwezi mwandamo kwa darubini. Tuanze kutafuta saa ngapi? Na je, kichujio cha jua kilichokuja ndani ya boksi kinafaa? (Msomaji, Mji wa Kale)

JIBU: Tuanze na la hatari. Kichujio kidogo cheusi kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho kivunjeni mkitupe. Darubini hukusanya joto la jua pale pale kilipo, kioo kinapasuka ghafla, na jicho haliponi. Kichujio halali hufunika mdomo mzima wa darubini mbele, kikipitisha sehemu moja tu kati ya 100,000 ya mwanga. Kidarubini cha kulengea nacho kifunikwe au king'olewe. Filamu ya eksirei, sidii na miwani ya giza havifai. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote huko Luxor, Misri, na huku Kenya tutaona kupatwa kwa sehemu, basi kichujio cha kweli kitafuteni mapema.

Kuhusu mwandamo, msiguse darubini mpaka jua lizame lote. Mwezi wenye umri wa saa 24 huwa kama digrii 12 kutoka kwenye jua, na huku kwenye ikweta mwezi hushuka wima, kwa hiyo mna kama dakika 45 kabla haujatua. Wekeni fokasi mapema kwenye mnara wa mbali, kwa sababu hilali nyembamba hamtaiona kama fokasi imepotea. Lenzi ya 25, anzieni pale jua lilipozama mpande juu taratibu. Hilali yetu hulala chali, ncha mbili juu, si wima kama michoro ya vitabu. Pigeni kwa ISO 100, shata 1/30 hadi 1/8 kadiri anga linavyotiwa giza. Tatizo la kisiwa chetu ni kwamba bahari iko mashariki. Magharibi kuna vumbi na moshi wa Changamwe, hivyo tafuteni paa refu. Kama picha ya darubini inahesabika kuwa kuonekana kwa mwezi, hilo waulizeni masheikh.

SWALI: Bila mota, ninaweza kupiga nebula (wingu la gesi na vumbi kati ya nyota) yoyote? (Mwanafunzi, Bamburi)

JIBU: Moja unaiweza vizuri: ile iliyo kwenye upanga wa Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Februari, anga letu ndipo husafika, na Jabari hupita karibu na utosi.

Kwa lenzi ya 25 na simu, nyota zinaanza kuvutika kuwa vistari ukizidisha sekunde 0.7 hivi. Basi piga nusu sekunde, ISO 1600 hadi 3200, picha nyingi. Nebula huchukua dakika saba kuvuka eneo la lenzi hiyo, kwa hiyo unaweza kupata picha 150 bila kugusa darubini, kisha ukailenga upya kwa raundi ya pili. Mwisho funika mdomo wa darubini upige picha 20 nyeusi kwa mpangilio ule ule. Usiku wetu wa joto huifanya simu itoe nukta nyekundu na buluu, na hizo picha nyeusi ndizo zinazoziondoa. DeepSkyStacker hupanga nyota zote zilingane na kurundika yenyewe, bure.

Utapata wingu la kijivu lenye wekundu kidogo na nyota nne ndogo katikati. Kutoka Bamburi taa zitakula kingo za wingu. Panda Shimba Hills au upite Kilifi usiku usio na mwezi uone tofauti. Kilimia, kile kishada cha nyota, nacho kinajaa vizuri kwenye lenzi ya 25. Wazee walikitumia kujua majira, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, nawe kipige kabla ya masika kukimeza.

SWALI: Nimepewa stendi ya ikweta (ile ambayo mhimili wake hulinganishwa na mhimili wa dunia). Kitabu kinasema ilenge Nyota ya Kaskazini. Siioni. (Fundi, Changamwe)

JIBU: Na hutaiona, iko chini ya upeo. Mhimili wa stendi uelekeze kusini, uinue digrii 4 tu, karibu ulale. Stendi nyingi za bei rahisi hazishuki hivyo, ule uzito wa kusawazisha hugonga mguu. Izungushe ili uzito uangukie katikati ya miguu miwili. Isipokubali, na mizani yake ikifika 90, iweke 90 uitumie kama stendi ya kawaida.

Lakini wewe ni fundi, na kwa fundi ikweta ni rafiki. Jitengenezee meza ya bawaba ya kubebea simu au kamera ndogo (si darubini). Mbao mbili za plaiwudi ya milimita 18, sentimita 30 kwa 10, zifunge kwa bawaba kwenye ncha moja fupi. Kutoka katikati ya pini ya bawaba pima milimita 228.5, toboa ubao wa chini, zamisha nati ya M6 kwa gundi ya epoksi, pitisha bolti ya M6 yenye uzi wote, urefu wa milimita 80, isukume ubao wa juu. Uzi wa M6 hupanda milimita 1 kwa mzunguko, na kwa umbali huo mzunguko mmoja kwa dakika ndio mwendo wa anga. Zungusha robo kila sekunde 15, kama unayekaza ukitazama kutoka chini.

Bawaba ikae magharibi, bolti mashariki, na pini ilale kaskazini-kusini. Upande wa kusini uinue milimita 7 kwa kila sentimita 10, pima maji itakuthibitishia. Kosa la milimita moja au mbili kwenye umbali wa bolti ni chini ya asilimia moja, halitaonekana. Kosa la kuelekeza kaskazini ndilo linaloharibu. Dira juu ya paa la saruji hudanganywa na nondo. Simamisha kijiti kwa timazi, saa nne asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli, chora duara kwa urefu huo. Alasiri kivuli kikigusa duara tena, weka alama ya pili. Mstari wa kuunganisha alama hizo ni mashariki-magharibi. Kwa mpangilio huu simu inafungua shata sekunde 30 na nyota zinabaki nukta.

SWALI: Nimeona darubini ya kioo, 127/1000, bomba fupi, bei nzuri. Ninunue? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Pima bomba. Darubini ya kioo ya aina hii yenye milimita 1000 inapaswa kuwa na bomba la karibu mita moja. Likiwa nusu mita, kuna lenzi imefichwa ndani ya bomba la fokasi ili kuurefusha mwanga, na kwa bei hiyo lenzi yenyewe huwa duni, tena kuvilinganisha vioo inakuwa taabu kwa mgeni. Kwa pesa hizo hizo tafuta 130/650 ya kuweka mezani, au ubaki na 70/700 na ununue lenzi moja nzuri ya milimita 15.